Kundi la Risasi: pale tungamo lilipoachana na gesi

Tarehe 21 Agosti 2006 wanaastronomia walitangaza kwamba wamepata ushahidi wa moja kwa moja kuwa maada ya giza, yaani maada isiyoonekana ambayo tunaijua kwa uvutano wake tu, ipo. Makala yao iliongozwa na Douglas Clowe, akiwa na Maruša Bradač, Anthony Gonzalez, Maxim Markevitch na wenzao wengine. Walichokichunguza ni mgongano mmoja tu. Makundi mawili ya galaksi yamepenyana katika upande wa anga wa kundinyota la Mkuku, zaidi ya miaka ya nuru bilioni 3 kutoka hapa tulipo. Katika orodha za vyanzo vya eksirei kitu hicho kimeandikwa 1E 0657-56, lakini wengi wanakijua kama Kundi la Risasi, kwa kuwa kundi dogo linaonekana limelipasua kubwa na kutokea upande wa pili.

Kuna ushahidi mwingi wa maada ya giza, na mwingine una vipimo vikali kuliko huu. Nimekichukua kisa hiki kwa sababu hoja yake ni ya aina nyingine. Hoja za kabla yake zilikuwa za kiasi: tungamo tunalolihesabu halitoshi kueleza mwendo tunaouona. Hoja ya Kundi la Risasi ni ya mahali. Inauliza tungamo liko wapi, na jibu lake liliwabana hata wale waliokuwa na njia nzuri ya kuzikwepa hoja za kiasi.

Hesabu isiyotosha

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, alipima mwendo wa galaksi katika kundi la Coma. Zilikuwa zinakwenda kasi mno. Kama kinachozivuta ni tungamo la nyota zinazoonekana peke yake, kundi hilo lingekuwa limeshatawanyika zamani sana. Halijatawanyika. Zwicky akasema kuna maada isiyotoa mwanga inayolishikilia, tena nyingi kuliko inayoonekana. Namba alizopata zilikuwa kubwa kupita kiasi, kwani umbali wa galaksi ulikuwa bado haujapimwa sawasawa, lakini vipimo vilivyosahihishwa baadaye havikuliziba pengo lenyewe. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya mzunguko wa galaksi ya Andromeda: maeneo ya pembezoni yalikuwa yakizunguka kwa kasi inayokaribiana na ya maeneo ya ndani zaidi, ilhali yangetarajiwa kupunguza mwendo kadiri yanavyokuwa mbali na kitovu, kama zifanyavyo sayari za mbali na Jua. Galaksi baada ya galaksi ikaonyesha hali hiyohiyo.

Majibu yaliyowezekana yalikuwa mawili. Ama kuna tungamo tusiloliona, ama kanuni ya uvutano tunayoitumia ina kasoro. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom alilishika jibu la pili na kulifanyia kazi kwa umakini. Alipendekeza kwamba pale uvutano unapokuwa hafifu sana, kanuni ya Newton inabadilika kwa namna maalumu. Pendekezo hilo linaeleza mizunguko ya galaksi nyingi vizuri hadi leo, na si haki kulichukulia kama porojo. Tatizo lilikuwa kwamba galaksi iliyotulia haiwezi kutupa hukumu. Ndani yake vyote vimekaa pamoja na kitovu chao ni kimoja. Ukiongeza tungamo lisiloonekana kuzunguka kitovu hicho, hesabu inakubali. Ukiirekebisha kanuni, hesabu inakubali pia.

Ili kuyapambanua majibu hayo mawili, ilibidi papatikane mahali ambapo maada ya kawaida imeondolewa kutoka pale ilipokuwa. Hakuna maabara inayoweza kufanya kazi hiyo. Mgongano wa makundi ya galaksi unaweza.

Vilivyomo ndani ya kundi

Jina "kundi la galaksi" linapotosha kidogo, maana galaksi ndiyo sehemu ndogo kabisa ya tungamo lake. Kundi kubwa lina mamia ya galaksi, mara nyingine zaidi ya elfu, na katikati yao kumejaa gesi ya moto iliyosambaa kila mahali. Gesi hiyo ni hidrojeni na heliamu kwa sehemu kubwa, imechambuka elektroni na viini vyake, na ina joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Ikiwa na joto hilo haitoi mwanga wa kuonekana kwa macho, inatoa eksirei. Ndiyo maana haikujulikana hadi darubini za eksirei ziliporushwa juu ya angahewa ya Dunia. Na gesi hii ina tungamo kubwa mara kadhaa kuliko nyota zote za galaksi zile zikijumlishwa.

Jambo hili ndilo bawaba ya kisa kizima, kwa hiyo nalirudia kwa namna nyingine. Ukiulizwa atomu nyingi za kundi la galaksi ziko wapi, usizioneshe galaksi. Ziko kwenye gesi.

Sasa chukua makundi mawili ya aina hiyo yakielekeana. Kila moja lina galaksi na gesi, na tuchukulie lina maada ya giza pia. Yakikutana, galaksi hazigongani. Nafasi kati ya galaksi na galaksi ni kubwa, na nafasi kati ya nyota na nyota ndani ya kila galaksi ni kubwa zaidi ukiilinganisha na ukubwa wa nyota zenyewe, hivyo zinapishana na kuendelea na safari. Gesi haina bahati hiyo. Imejaza nafasi yote, na chembe zake zina chaji ya umeme. Gesi ya huku ikikutana na ya kule zinasukumana, zinapashana joto na kupunguza mwendo. Matokeo yake, galaksi zinatangulia na gesi inabaki nyuma. Maada nyingi ya kawaida inaachwa katikati, na nyota chache zinakwenda mbele.

Maada ya giza ingekuwa wapi? Ikiwa haigusani na kitu chochote isipokuwa kwa uvutano, itapita pamoja na galaksi. Ikiwa haipo, na uvutano wote unatokana na maada ya kawaida kwa kanuni iliyorekebishwa, basi uvutano unapaswa kuwa mkubwa zaidi pale penye gesi. Majibu mawili, mahali pawili tofauti, na pote panapimika.

Mgongano wenyewe

Herufi 1E katika jina la kundi hili zinatokana na Einstein, darubini ya eksirei ya Marekani iliyorushwa mwaka 1978. Miaka ya 1990 Wallace Tucker na wenzake walibaini kwamba gesi ya kundi hili ina joto lisilo la kawaida, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyojulikana. Kisha ikaja Chandra, darubini ya eksirei yenye uwezo wa kuona undani wa picha, na mwaka 2002 Markevitch na wenzake wakachapisha walichokiona. Ndani ya gesi kulikuwa na tonge lenye umbo la kichwa cha risasi, na mbele yake wimbi la mshtuko lililopinda kama upinde, kingo zake zikiwa safi kabisa.

Wimbi hilo ni zawadi. Ukilinganisha msongamano na joto la gesi mbele ya wimbi na nyuma yake, unapata kasi yake kwa fizikia ya kawaida ya gesi. Hapa lilikuwa likienda kwa takriban mara 3 ya kasi ya sauti ndani ya gesi hiyo, yaani kama kilomita 4,700 kwa sekunde. Baadaye Chandra ilielekezwa huko kwa jumla ya saa 140 hivi ili kupata ramani bora ya gesi.

Bahati nyingine ilikuwa pembe. Mgongano huu tunauona ubavuni. Makundi yanatembea karibu kukingama na mstari wa macho yetu. Kama yangekuwa yanatujia au kutukimbia, vyote vingepangana kimoja nyuma ya kingine na tusingeona utengano wowote. Wakati nao ulikuwa mzuri. Tunaona hali ilivyokuwa kama miaka milioni 100 au 150 baada ya vitovu kupishana. Muda huo ni mfupi kwa mambo ya anga. Ukipita zaidi, uvutano utavirudisha vyote pamoja na ushahidi utafutika.

Kupima kisichoonekana

Ramani ya gesi ilipatikana kwa eksirei, na ramani ya galaksi kwa picha za kawaida. Ya tatu, ramani ya tungamo lote bila kujali limetokana na nini, ndiyo iliyokuwa na kazi, na ndiyo sehemu ya kisa hiki ninayoiona nzuri kuliko zote.

Tungamo linapinda njia ya mwanga. Einstein alilitabiri, na mwaka 1919 timu zilizotumwa Sobral nchini Brazili na kisiwani Príncipe, pwani ya Afrika Magharibi, zilipima nuru ya nyota ikipita kando ya Jua lililopatwa na kuona imepinda. Kundi la galaksi linafanya hivyohivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Galaksi zilizo mbali nyuma yake zinatufikia zikiwa na sura iliyovutwa, kama herufi zinavyopinda ukizisoma kupitia kitako cha glasi.

Karibu na kitovu cha kundi upindaji huwa mkubwa, hata galaksi moja ikaonekana kama tao refu au mara mbili tatu. Mbali na hapo ni mdogo mno: umbo la kila galaksi ya nyuma linabadilika kwa asilimia chache tu. Na kwa kuwa galaksi kwa asili yake huwa na umbo la mviringo uliobonyea, huwezi kuitazama moja ukajua ni kiasi gani cha ubonyevu ni chake na kiasi gani kimetokana na njia ya mwanga. Dawa ni wingi. Galaksi zisizohusiana zimeelekea pande zote bila mpango, hivyo ukichukua wastani wa nyingi, ubonyevu wa asili unafutana, na kinachobaki ni mwelekeo wa pamoja uliotokana na tungamo lililo mbele yao. Timu ya Clowe ilifanya hivyo kwa picha za darubini ya anga ya Hubble na za darubini za Chile, wakazichanganya na vipimo vya matao ya katikati.

Zingatia kwamba njia hii haihitaji kundi liwe limetulia, wala haitegemei mwendo wa galaksi au joto la gesi. Zwicky alilazimika kudhani kwamba kundi lake limetulia. Hapa dhana hiyo ingekuwa kosa la wazi, kundi likiwa katikati ya ajali, na kwa bahati njema haikuhitajika.

Matokeo yalikuwa vilele viwili vya tungamo, zaidi ya miaka ya nuru milioni 2 kutoka kimoja hadi kingine. Kila kilele kimekaa juu ya kundi lake la galaksi. Gesi, yenye atomu nyingi kuliko kila kitu kingine pale, ilikuwa katikati, imeachwa nyuma ya vilele vyote viwili. Timu ilikadiria kwamba uwezekano wa utengano huo kuwa wa bahati nasibu haufiki hata kitu cha kuzungumzia. Utengano wenyewe ulikuwa mara 8 ya kosa la kipimo.

Waliopinga walisema nini

Wafuasi wa wazo la Milgrom hawakunyamaza, na hawakupaswa kunyamaza. Jibu lao zito lilikuwa hili: hata kanuni ikirekebishwa, makundi ya galaksi yalikuwa tayari yanajulikana kuhitaji tungamo la ziada kidogo. Huenda tungamo hilo ni nyutrino, chembe zinazojulikana, ambazo zingepita kwenye mgongano bila kusimama. Ili hesabu ikae, kila nyutrino ingehitaji tungamo la takriban elektronivolti 2. Wakati huo hakuna aliyeweza kusema hapana, kwa sababu vipimo vya maabara viliishia karibu na hapo.

Napenda sehemu hii ya kisa kwa sababu ilijibiwa na watu wasiohusika na darubini kabisa. Jaribio la KATRIN huko Karlsruhe, Ujerumani, linapima nishati ya elektroni zinazotoka kwenye hidrojeni nzito yenye mionzi, na mwaka 2022 lilionyesha kwamba tungamo la nyutrino ni chini ya elektronivolti 0.8. Mlango wa nyutrino za kawaida ukafungwa. Anayetaka kubaki na kanuni iliyorekebishwa sasa lazima aongeze chembe nyingine isiyojulikana, na hapo atakuwa ameikubali maada ya giza kwa jina jingine.

Pingamizi la pili lilihusu kasi. Kilomita 4,700 kwa sekunde zilionekana nyingi mno hata kwa nadharia ya maada ya giza yenyewe, maana uvutano ungepata shida kuyavuta makundi hadi kasi hiyo. Mwaka 2007 Volker Springel na Glennys Farrar waliiga mgongano huo kwenye kompyuta wakaona kosa lilipokuwa. Gesi iliyo mbele ya wimbi haikuwa imesimama. Yenyewe ilikuwa ikivutwa kuelekea kwenye risasi. Kasi ya wimbi si kasi ya kundi. Kundi dogo lenyewe lilikuwa likienda kama kilomita 2,700 kwa sekunde, kasi kubwa lakini inayowezekana.

Kuna pia kundi la Abell 520, ambalo mwaka 2007 lilionekana kuwa na kilele cha tungamo katikati ya gesi, pasipo galaksi za kutosha. Hilo lingekuwa kinyume kabisa. Vipimo vya 2012 vilitofautiana: timu moja ilikiona tena, na Clowe na wenzake hawakukiona. Mgongano mmoja wenye utata hauwezi kuubatilisha mwingine ulio safi, ila ni sababu ya kutotegemea kundi moja. MACS J0025.4-1222, lililotangazwa 2008, lilirudia sura ya Kundi la Risasi, na mwaka 2015 David Harvey na wenzake wakapima migongano 72 ndani ya makundi 30. Tungamo liliandamana na galaksi, si na gesi.

Kisa hiki hakisemi nini

Hapa ndipo masimulizi mengi yanapokwenda mbali kuliko ushahidi. Kundi la Risasi linaonyesha kwamba tungamo kubwa haliko kwenye gesi. Halionyeshi kwamba tungamo hilo si atomu. Mabilioni ya sayari zisizo na nyota, au nyota zilizozimika, yangepita kwenye mgongano vilevile kama galaksi zilivyopita.

Uwezekano huo umefungwa na ushahidi wa kwingine. Miaka ya 1990 timu za MACHO na EROS zilitazama mamilioni ya nyota za Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, zikisubiri kitu cheusi kipite mbele ya nyota na kuongeza mwangaza wake kwa muda kwa kupinda nuru. Matukio yaliyopatikana yalikuwa machache mno kuweza kuijaza galaksi yetu na vitu hivyo. Kisha kuna hidrojeni nzito ya aina nyingine, isiyo na mionzi, iliyoundwa dakika za mwanzo za ulimwengu: kiasi chake kinategemea wingi wa maada ya kawaida uliokuwepo, na kiasi kinachoonekana kwenye gesi ya mbali kinataka maada hiyo iwe kidogo. Jibu hilohilo linatoka kwenye mwanga mkongwe kuliko wote, ule ulioachiwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi na unaotufikia leo kama mikrowevu. Chombo cha Planck kiliupima kwa makini, na hesabu yake ni kwamba maada ya kawaida ni kama asilimia 5 ya vyote vilivyomo ulimwenguni, maada ya giza asilimia 27, na asilimia 68 zilizobaki ni nishati ya giza, inayofanya ulimwengu uzidi kutanuka kwa kasi. Kuhusu hiyo nishati ya giza, Kundi la Risasi halina la kusema. Imesambaa sawasawa kila mahali na haikusanyiki ndani ya makundi.

Jambo la pili linalozidishwa ni usemi kwamba maada ya giza "haigusani na chochote, hata yenyewe kwa yenyewe". Data haikufika huko. Mwaka 2008 Scott Randall na wenzake walitumia Kundi la Risasi kukadiria kikomo: kama eneo la kugongana la chembe za maada ya giza lingepita takriban sentimita 1 ya mraba kwa kila gramu ya maada hiyo, kilele cha tungamo kingekuwa kimebaki nyuma ya galaksi, na kundi dogo lingepoteza sehemu ya tungamo lake. Namba hiyo inasikika ndogo. Lakini ukiigeuza kuwa ya chembe mojamoja, kwa chembe nzito kama protoni, inakaribiana na kiwango ambacho nyutroni hugongana na viini vya atomu. Kwa viwango vya fizikia ya chembe huo ni mgongano mkubwa sana, na Kundi la Risasi linauruhusu karibu wote. Migongano 72 ya Harvey ilishusha kikomo hadi nusu hivi, nacho bado ni kipana.

Mwaka 2025 darubini ya James Webb ilirudi kwenye kundi hilihili, ikahesabu galaksi za nyuma nyingi zaidi na kuchora upya ramani ya tungamo, safari hii ikitumia pia nuru hafifu ya nyota zilizochomolewa kutoka kwenye galaksi zao na kubaki zikielea ndani ya kundi. Nuru hiyo ilifuata umbo la maada ya giza kwa karibu. Huku chini, katika maabara za chini ya ardhi, vifaa vilivyojaa tani za zenoni kimiminika vinasubiri chembe moja ya maada ya giza igonge kiini cha atomu, na hadi sasa havijapata hata moja inayothibitika.